Mizani mbovu au gunia lililofichwa: siku yangu moja Mikindani

Saa 11 alfajiri. Adhana inanikuta macho. Umeme ulikatika jana usiku, hesabu zikafia njiani, kwa hiyo nawasha kompyuta kabla hata ya kunawa uso.

Utafiti wangu wa uzamili unapima wazo alilotoa mwanafizikia Milgrom mwaka 1983: mchapuko, yaani jinsi mwendo unavyobadilika kila sekunde, ukishuka chini ya takriban mita 0.00000000012 kwa sekunde mraba, mvutano unakuwa na nguvu kuliko kanuni ya Newton inavyodai. Vipimo vya kasi ya mzunguko natoa kwenye hazina ya data ya SPARC, galaksi 175 za diski, bure kwa yeyote.

Saa 3. Chai na ming'oko. Mjomba yuko uani anaanika korosho, anachota kiganja na kuzitikisa asikie kama zimekauka. Ananiuliza shida ya hizo nyota ni nini hasa. Namwambia gesi ya pembezoni inazunguka kwa kasi ambayo uzito tunaouona hauwezi kuizuia isitoroke.

"Basi mjomba," ananijibu, "ama mizani mbovu, ama kuna gunia limefichwa."

Aliyezoea foleni ya kupimisha korosho ghalani hahitaji somo refu. Gunia ndiyo maada giza, uzito usioonekana. Mimi naikagua mizani.

Saa 8 mchana, joto la kuchemsha ubongo. Nimefika DDO 154, galaksi ndogo iliyo umbali wa miaka-nuru kama milioni 13. Naipenda kwa sababu karibu uzito wake wote ni gesi. Kwenye galaksi zenye nyota nyingi unaweza kubadili makadirio ya uzito wa nyota mpaka mstari wa nadharia ukae juu ya vipimo. Hapa hakuna pa kujificha. Kwa hesabu ya haraka ya Milgrom napata kasi ya mzunguko ya kilomita 50 hivi kwa sekunde. Kipimo kinasema karibu 47.

Nikiisogeza galaksi hiyo karibu kwa asilimia 12, namba zinalingana, maana uzito wa gesi unakokotolewa kwa umbali. Vidole vinawasha. Lakini umbali huo ulipimwa kwa nyota zake zenyewe, na kosa lake halifiki huko. Nauacha. Ukirekebisha umbali kila nadharia inapokwama, hujapima kitu.

Saa 2 usiku, umeme tena! Naandika 50 na 47 daftarini kwa tochi ya simu.

Saa 4 natoka uani. Upande wa Msumbiji, Mawingu ya Magellan yamening'inia meupe, galaksi mbili bila darubini. Namwita mjomba aje aone.