Ngo' ya chini ya siti ya nyuma

2017 nilikuwa na Subaru Forester ya 2003, toleo wanaloliita SG5, gari yangu ya kwanza, naikosha asubuhi naikosha jioni kama mtoto wa kuzaliwa. Kazi yangu ilikuwa ya kwenda Kasulu na Kibondo kila wiki, na wanaoijua njia ya Kibondo kabla ya lami hawahitaji maelezo, vumbi na makorongo mpaka meno yanauma.

Ndo ukaanza mlio. Ukitoa gia N (huru) ukaweka D (ya kwenda mbele), ngo'. Ukiachia mafuta ukakanyaga tena, ngo'. Yaani unausikia kwenye mgongo kabla ya masikio, chini ya siti ya nyuma, kama kuna mtu kajificha kwenye buti anagonga na nyundo iliyofungwa kitambaa.

Nikaipeleka gereji, fundi akalala chini dakika mbili akainuka akasema krosi za propela zimekufa, yaani viungo vya ile shafti ndefu inayopeleka nguvu ya injini nyuma. Sasa krosi za Forester zimebanwa kiwandani, hazina zile klipu za kutoa, kwahiyo hubadilishi krosi unabadilisha propela nzima. Nikatafuta used, laki mbili na ushee ikaondoka, ikafungwa, nikawasha, nikaweka D. Ngo'. Ileile, tena naona kama ilikuwa imechangamka. Fundi akasema basi itakuwa mauntingi za injini, zile raba zinazoishikilia. Nikamwambia sawa kaka nitarudi, na sikurudi.

Baba mdogo wangu anakaa Katubuka, Kigoma mjini, mstaafu wa reli, alikuwa fita, fundi wa mitambo. Kwake kila kitu duniani kinapimwa kwa reli. Nilimkuta kibarazani jioni, nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yako kwenye gari maana alishasikia ngo' wakati naingia getini. "Reli hii imefika Kigoma 1914," akaanza, "mpaka leo inatembea, wewe kigari cha juzi kinakutoa jasho?"

Akamwita binamu yangu akae kwenye usukani, tukaweka mawe mbele na nyuma ya matairi, hakuna mtu kusimama mbele ya gari, halafu dogo akanyage breki mpaka mwisho aweke D, arudishe R ya kurudi nyuma, aweke D. Mzee akachuchumaa ubavuni na tochi yake akaanza kucheka peke yake. "Njoo uione pua."

Nikainama. Aisee. Kila dogo akiweka D, difu, lile boksi la gia katikati ya magurudumu ya nyuma, inainua pua kama mbuzi aliyesikia jina lake, akiweka R inashuka.

Ilivyo ni hivi, ile difu nyuma imeshikwa na stadi mbili ndefu (bolti zisizo na kichwa) zinazopita kwenye bushi mbili, yaani raba zenye ganda la chuma, zilizoshindiliwa kwenye krosimemba, lile chuma la kukingama chini ya gari, na mbele imeshikwa na fremu yake ndogo. Nguvu ikifika kutoka kwenye propela difu inataka kujizungusha, raba ya bushi ndo inaizuia na kuumeza mtikisiko. Zangu raba ilikuwa imechanika ikaachana na chuma, ukimulika tochi unaona mwanga upande wa pili, kwahiyo ilikuwa inagonga chuma kwa chuma. Za mbele zilikuwa nzima. Laki mbili yangu ya propela nikaifikiria usiku kucha.

Bushi nikaagiza Kariakoo, zikapanda basi, siku ya tatu zikafika kwenye boksi la biskuti. Jumamosi asubuhi nikawa uani kwa mzee na ovaroli ya kuazima. Gari juu ya stendi, na pembeni ya stendi mzee akasukumia magogo mawili ya mwembe, hataki kusikia habari ya mtu kulala chini ya jeki tupu.

Nikataka kumwaga oili ya difu, akanishika mkono. Fungua kizibo cha juu kwanza, cha kujazia, maana ukishamwaga halafu cha juu kikagoma umekwama na gari haina oili. Na kweli kiligoma. Kina tundu la mraba, unachomeka raketi ya nusu inchi bila soketi, tukavisha bomba la maji kwenye mpini wa raketi tukaning'inia wawili, ikalia KA, nikajua nimekata, kumbe imeachia. Oili ikatoka nyeusi inanuka yai viza.

Eksozi ya nyuma, propela (bolti zake 4 nilishazilipia kuzijua), shafti za magurudumu kuzichokonoa na tairi liva, lile chuma la kubandulia tairi, difu ikashuka taratibu kwenye jeki. Hiyo ilikula asubuhi yote ila haina hadithi. Hadithi ni bushi.

Bushi ya zamani haitoki kwa kubembelezwa. Nilitoboa raba kwa dirili matundu mengi mengi mpaka kipande cha katikati kikadondoka, likabaki ganda la chuma limeng'ang'ania ndani ya krosimemba. Hapo unaingiza bledi ya msumeno, unafunga ncha moja na kitambaa ndo mpini wako, unakata ganda toka ndani taratibu, na unatakiwa usimame kabla hujagusa krosimemba yenyewe. Utajuaje umefika? Mzee akasema sikiliza. Nikadhani ananitania. Lakini kweli mlio unabadilika, ganda linalia juu juu, likikaribia kuisha sauti inakuwa nzito kama unakata ukuta. Nikasimama, tindo ikapigwa kidogo, ganda likajikunja lenyewe likatoka. Ganda la bushi ya pili nikalikata kwa kiburi nikaacha kamkwaruzo kwenye krosimemba, mzee akakapitisha kidole hakusema kitu.

Bushi mpya zilikuwa zimelala kwenye friza la jirani muuza samaki tangu jana yake ili chuma kisinyae kidogo. Zikatoka zina baridi kali na harufu ya migebuka. Nikataka kupaka grisi mzee akakataa, grisi inakula raba, akaleta kipande cha sabuni ya mawese na maji kwenye kikombe, tukapaka povu. Kuvuta bushi tukatumia stadi ndefu, washa nene (pete bapa ya chuma), na kikombe cha beringi kuukuu upande wa pili, unakaza nati bushi inaingia polepole. Stadi yangu niliyonunua Mwanga, hapo hapo Kigoma, ikalika uzi kabla bushi haijafika nusu. Mzee akaingia ndani akarudi na bolti lake refu jeusi la enzi za reli, limefungwa kwenye gazeti, akanipa kama ananipa mtoto nimshike.

Likavuta vizuri mpaka robo tatu hivi mzee akasema simama, hebu niangalie. Zile bushi zina matundu kwenye raba na lazima yakae yalivyokaa ya zamani, mimi nilikuwa nimeweka alama ya chaki, dogo kwa heshima na adabu akawa ameifuta na petroli akisafisha. Picha ya simu ndo ikaniokoa, nilipiga kabla ya kutoboa. Matundu yalikuwa yamelala pembeni. Tukaitoa. Nilitukana, nikaomba radhi, tukaanza upya.

Tumefunga kila kitu giza linaingia. Oili mpya ya gia, 75W-90 ya daraja la GL-5, difu ile inameza kama nukta 8 ya lita, unajaza mpaka ianze kutiririka kwenye tundu la kujazia ndo unafunga. Mzee akakaa mbele, mimi usukani. Nikatoa N nikaweka D. Kimya. R, kimya. Tukaenda mpaka Ujiji bila kuongea, mimi naachia mafuta nakanyaga, naachia nakanyaga, kwenye tuta la mwisho akanipiga kofi begani, "Acha kuitesa, imeshakubali."

Kurudi nyumbani akaanza kuhesabu vifaa vyake kimoja kimoja kwa tochi. Kikombe cha beringi kipo, tindo ipo, washa zipo. Bolti halipo. Tulilitafuta mpaka saa tatu usiku, chini ya magogo, kwenye mchanga wenye oili, mpaka kwa muuza samaki. Niliuza ile Forester 2020, mnunuzi ndo akanipigia siku ya pili, kaka kuna bolti refu jeusi huku kwenye tairi la spea, ni la nini?