Nilifunga geti, nikasahau kivuli

Jumapili usiku, Ipuli, Tabora

Nimeketi kwenye kigoda nje ya banda, simu iko mapajani ikimulika, namsikiliza Kidoti, nguruwe wangu, anavyopumua. Sasa hivi anapumua taratibu. Mchana nilidhani nampoteza.

Nianzie wiki iliyopita. Fundi aliyekuja kurekebisha choo aliniambia kijijini kwao nguruwe wanakufa mfululizo: mnyama anakataa chakula, masikio na tumbo vinapiga wekundu, siku chache tu ameshakwenda. Hakuhitaji kutaja jina la ugonjwa. Kila anayefuga nguruwe analijua: homa ya nguruwe ya Afrika. Binadamu haimpati, lakini kwa nguruwe haina tiba. Ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapo Kenya mwaka 1921, na mpaka leo mfugaji wa huku kwetu silaha yake ni kuzuia tu. Virusi vyake hudumu miezi ndani ya nyama, iwe imetiwa chumvi au imegandishwa. Hupita kwenye viatu, kwenye ndoo, kwenye mfupa uliotupwa, na papasi nao huvibeba.

Basi nikafunga geti la banda. Uwanja wetu hauna uzio, na nguruwe wa watu hukatiza. Kidoti, ambaye kwa miaka mitatu ametoka kila asubuhi kwenda chini ya mwembe, kwenye tope la bomba linalovuja, akabaki ndani. Mlangoni nikaweka ndala za bandani peke yake na beseni la maji yenye klorini. Viatu vinasuguliwa kwanza vitoke tope, ndipo vinatiwa kwenye dawa, maana dawa haifanyi kazi juu ya uchafu.

Kilichoniuma zaidi ni kumkatalia dada mmoja mwenye mgahawa njia ya stendi. Kila jioni hunijazia ndoo ya makombo, na mengine huyakusanya kwenye baa ya jirani wanakochoma kitimoto. Alinikuta getini, ndoo kichwani.

"Mama Neema, leo mtoto wako nimemwekea wali na michuzi."

"Dada yangu, Mungu akubariki. Lakini kwa sasa siwezi kupokea. Kuna ugonjwa."

"Kwani chakula changu kina ugonjwa?"

Nilimweleza kwamba kipande kimoja cha nyama ya nguruwe aliyeumwa kinatosha, na kwamba makombo, kama mtu analazimika kuyatumia, yachemshwe nusu saa nzima yakitokota. Hata michuzi ya chumvi nyingi, nguruwe akikosa maji, inamdhuru ubongo. Alinisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akaondoka na ndoo yake imejaa. Nilijisikia vibaya. Kwetu sisi mtu hakataliwi chakula alicholeta kwa mikono yake.

Mama Shabani wa upande wa pili ni habari nyingine. Yeye ni Mwislamu, Kidoti hamgusi, wala sijawahi kutegemea amguse. Banda nimelijenga mbali na nyumba yake, samadi naizoa alfajiri kabla jua halijaamsha harufu, na vyombo vya bandani haviingii kwake. Lakini akimenya viazi vitamu, maganda na majani huyamwaga kwenye ungo mkuukuu na kuuacha juu ya gogo lililo mpakani. Wiki hii nimewaza sana kuhusu ungo ule. Unatoka kwenye jiko ambalo nyama ya nguruwe haijawahi kuingia. Hakuna maganda salama kuliko hayo mji mzima.

Sasa mchana wa leo. Oktoba ya Tabora mnaijua, mvua bado na bati linawaka. Nilirudi kanisani saa saba, nikamkuta Kidoti amelala ubavu, mdomo wazi, anahema kwa kasi, masikio yake meupe yamegeuka mekundu. Ndoo ya maji ameipindua. Nikaona yale yale ya fundi.

Nilipiga magoti, nikaanza kumkuna tumbo kama anavyopenda, na mkono mwingine nikaingiza kipimajoto nyuma kikiwa na mafuta kidogo. Nguruwe mzima huwa kwenye 39 hivi. Kilisoma 40.6. Mikono ilinitetemeka nikampigia daktari wa mifugo. Aliniuliza swali moja kwanza: "Anakula?" Nikakata papai, nikamwekea puani. Akafumbua jicho, akalichukua, akatafuna lote na maganda yake. "Anza kwa kumpoza," akasema daktari, "kisha tuangalie."

Nguruwe hatoi jasho la kumpoza kama sisi. Tope ndilo jasho lake: hukauka mwilini polepole na kumwondolea joto, tena humkinga ngozi na jua. Nami kwa kuogopa ugonjwa nilimfungia penye bati, nikaacha mwembe na tope nje ya geti. Nilimmwagia maji kidogo kidogo, kuanzia miguuni, nikamtandikia magunia mabichi. Saa tisa kipimo kilikuwa 39.7.

Jioni tumefanya kazi na Neema bila kupumzika. Bati tumelifunika nyasi nene. Kwenye kona tumechimba shimo la kumtosha alale mzima, tukamimina ndoo sita, tukakanyaga mpaka likawa tope zito. Ndoo yake ya kunywea tumeizamisha ndani ya tairi bovu asiipindue, maana nguruwe mkubwa hunywa zaidi ya lita kumi kwa siku, na kwenye joto hili huzidisha. Kona nyingine tumemwaga udongo wa kichuguu na kufukia punje za mahindi, apate cha kufukua. Nguruwe asiyefukua huanza kutafuna mbao, nami nilikuwa nimeziona alama za meno mlangoni tangu Alhamisi, nikazipita.

Alilizunguka shimo mara mbili, akalinusa, kisha akajitupa. Tope liliruka hadi kwenye kitenge cha Neema.

Sasa ni saa nne usiku, na kipimo kimesoma 39.1. Masikio yamerudi rangi yake. Amebeba nyasi kavu kwa mdomo, akazipanga mbali na choo chake kama kawaida yake, akalala. Daktari amesema nimpime asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, na akikataa kula nimwite saa hiyo hiyo.

Mama Shabani ameniita kutoka uwani kwake muda mfupi uliopita. "Mama Neema, mgonjwa wako anaendeleaje?" Nimemwambia amepoa. "Alhamdulillahi. Kesho namenya viazi."

Kengele nimeitega saa kumi na moja.