Kano ya kisigino: kwa nini siku hizi simwambii mkimbiaji apumzike tu

Mkimbiaji anayeumwa kano ya Achilles, ile inayounganisha kigimbi na kisigino, akifika kwangu, huwa ameshaambiwa mambo matatu: pumzika wiki sita, weka barafu, chua kwa nguvu. Hilo la kwanza hata mimi nilikuwa nalisema, sijifichi. Ukipumzika maumivu hupungua kweli. Tatizo ni kwamba kano isiyobeba kitu hupoteza uwezo wa kubeba, na siku unaporudi kukimbia, kila hatua inaitwisha mzigo mara kadhaa ya uzito wa mwili wako. Siku chache tu, umerudi palepale.

Kwanza nahakikisha haijakatika. Namlaza kifudifudi, miguu ining'inie nje ya kitanda, nabana kigimbi. Unyayo ukicheza, sawa. Ukitulia kimya, mazoezi hayana nafasi hapo, amwone daktari wa mifupa siku hiyohiyo. Nauliza pia kama karibuni amemeza siprofloksasini au antibiotiki za jamii yake, maana huongeza hatari ya kano kukatika.

Kisha naminya kano kwa vidole viwili kutafuta panapouma: ni katikati yake, sm 2 hadi 6 juu ya kisigino, au ni pale inaposhikana na mfupa? Hapa ndipo nilipochemsha. Zoezi lililompa jina daktari wa mifupa Håkan Alfredson wa Sweden mwaka 1998 nililigawa kwa kila mtu kama peremende. Unasimama ukingoni mwa ngazi, unapanda kwa mguu mzima, unashuka polepole kwa mguu mbovu mpaka kisigino kipite usawa wa ngazi. Raundi 3 za mara 15 goti likiwa limenyooka, 3 nyingine likiwa limepinda, asubuhi na jioni, wiki 12. Piga hesabu: mara 180 kwa siku. Wa katikati ya kano wengi walipata nafuu. Wa mfupani walirudi wakichechemea zaidi, tena wamelifanya kwa bidii, bila kuruka hata siku moja! Sababu ni kwamba kisigino kikishuka chini ya ngazi, kano inasagwa dhidi ya mfupa. Hao sasa wanafanyia sakafuni, wanaacha kunyoosha kigimbi, na ndani ya viatu vyote viwili wanaweka kipande cha kuinua kisigino kama sm 1.

Kitu ninachojivunia ni mstari wa chaki. Watu hudanganya bila kujua: wakichoka wanapinda goti au wanaishia nusu, huku wanahesabu tu. Basi mgonjwa anasimama ubavu ukutani, anapanda kwa mguu mzima mpaka mwisho, nachora mstari pale utosi ulipofika. Zamu ya mguu mbovu, utosi usipofika mstarini, haihesabiwi. Aliyejisifia mara 25 mara nyingi anakuta ana 9. Sekunde 3 kupanda, 3 kushuka. Akimudu raundi 3 za 15 bila taabu, namvika begi mgongoni lenye chupa za maji, kila lita kilo moja, na kuanzia hapo anafanya siku moja na kuacha moja.

Maumivu wakati wa zoezi nayaruhusu hadi 5 kati ya 10. Ninachosikiliza ni hatua za kwanza kutoka kitandani kesho yake. Kano ikikaza kuliko jana, tunapunguza chupa, hatuachi zoezi. Wengi wanaacha hapo.

Sindano ya steroidi ndani ya kano siikubali, hata kama mashindano ni wiki ijayo. Inanyamazisha maumivu na kudhoofisha kano kwa pamoja, halafu mtu anapiga mbio kwa raha zake.

Kukimbia kunarudi pale mguu mbovu unapozidiwa na mzima kwa mara 2 au 3 tu kwenye kipimo cha mstari wa chaki: dakika moja mbio, moja kutembea, jumla 20, tena tambarare. Milima baadaye kabisa.