Siku moja na sauti ya K, kutoka stejini hadi Wangige

Nafundisha isimu kwa mkataba wa muhula katika chuo kimoja jijini Nairobi, na muda unaobaki natafiti matamshi ya Gĩkũyũ. Swali ninaloulizwa kila harusi na kila matanga ni, "Kwa hivyo unajua lugha ngapi?" Basi hii hapa Jumanne yangu, mjionee kazi yenyewe.

Saa kumi na mbili asubuhi

Ukiishi Kahawa West na kibarua chako kiko mjini, toka mapema, la sivyo Thika Road itakutia adabu. Nimepata kiti cha dirishani. Wenzangu wanasinzia, mimi nasoma vibao vya matatu: Githurai, Gatundu, Gatanga. Halafu Kandara, Kangema, Karatina.

Mbona majina mengine ya Gĩkũyũ yana G na mengine K? Kiambishi cha mwanzo ni kilekile. Ki- ni ndugu wa ki- ya "kiti" na "kisu", na ka- ni ile ya udogo ambayo Nairobi tumeizoea hata kwa Kiswahili, "katoto", "kakitu". Siri iko kwenye konsonanti inayofuata. Ikiwa ni t, k, c au th, K ya mbele inageuka G: Gatundu, Gatanga. Ikiwa ni r, nd, ng au m, K inabaki ilivyo: Karatina, Kandara, Kangema. Vitenzi navyo vinafuata njia hiyohiyo: kũruga (kupika), kũmenya (kujua), lakini gũtema (kukata), gũkena (kufurahi). Kwa hiyo jina la watu wenyewe kwa kinywa chao ni Gĩkũyũ, ingawa kwenye ramani tumeandika Kikuyu.

Tukifika mjini napita karibu na kituo cha mabasi cha Country Bus, na huko vibao ni Kitui, Katangi, Kathiani. Wakamba ni majirani wa damu wa Wagĩkũyũ kilugha, ila K yao imetulia pale pale, hata mbele ya t.

Saa mbili

Darasa la mwaka wa kwanza, fonolojia, yaani jinsi lugha inavyopanga sauti zake. Slaidi ninazo, lakini leo nimefungua orodha ya mahudhurio nikaanza kuita majina kwa mafungu mawili. Githinji, Gitau, Gichuru, Gathoni upande wa dirisha. Kimani, Kinyua, Kamau, Kariuki upande wa mlango. Wamecheka, wakadhani nawapanga kwa kaunti. Nikawaambia watazame herufi ya tatu ya jina.

Ilichukua dakika chache tu. Binti mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, ni kama ulimi unakataa kusema K mbili zikifuatana." Karibu kabisa. Si ulimi, ni nyuzi sauti. Weka vidole kooni useme "zzz", utasikia mtetemo. Sema "sss", kimya. Zile za mtetemo tunaziita ghuna, na zisizo na mtetemo si ghuna. Kanuni inasema hivi: vipasuo (sauti kama t na k, zinazoziba hewa kisha kuiachia) viwili visivyo ghuna vikikaa katika silabi zinazofuatana, cha kwanza kinaghunishwa. Inaitwa Kanuni ya Dahl, kwa jina la Edmund Dahl, mmishenari wa Kimoravian aliyefanya kazi Unyamwezi, na ilichapishwa na Carl Meinhof mwaka 1903. Ndiyo maana Mswahili anahesabu "tatu" na Msukuma anasema "-datu". Wagiriki wa kale na Wahindi wa Kisanskriti walikuwa na jambo linalofanana nalo kwenye sauti zenye mpumuo. Aliyelieleza mwaka 1863 ni Hermann Grassmann, ambaye alikuwa mwalimu wa shule na mwanahisabati. (Huwa nawatajia hili wanafunzi wanaosema walikimbilia isimu ili waepuke hesabu.)

Kwa nini sauti zifanane mahali pengi halafu hapa zikimbiane? Jibu ninalolipenda ni la John Ohala, aliyelieleza mwaka 1981: tatizo liko kwa msikilizaji. Anasikia sauti mbili zinazofanana, anadhani moja imeambukizwa na mwenzake, basi anaisahihisha kichwani ilhali haikuwa na kosa. Mtoto wake anajifunza ile iliyosahihishwa. Hapo lugha imeshabadilika, na hakuna aliyeitisha mkutano.

Kisha kijana mmoja akasimama. "Mwalimu, mimi ni Kithinji. Huyu hapa ni Githinji. Mimi mbona nimeachwa?"

Darasa likalipuka. Na hilo ndilo swali nililokuwa nalisubiri asubuhi yote. Kithinji anatoka Meru. Kimeru kina kanuni hiyohiyo, akina Gitonga, Gatwiri na Gakii ni wa kwao. Lakini mbele ya th kwa kawaida haifanyi kazi: Kithinji, Kithure, Kathambi. Sasa sikilizeni hiyo th inavyotamkwa: ni kama dh ya "dhahabu", yaani ni ghuna kabisa. Kwa hivyo Mmeru hana sababu ya kubadilisha K yake. Anayeshangaza ni Mgĩkũyũ, anayesema gũthamba (kuoga) ilhali th yake nayo inatetema. Maelezo ni ya kihistoria. Hiyo th zamani ilikuwa kama ch, isiyo na mtetemo. "Kucheka" kwake ni "gũtheka". G ilizaliwa wakati sauti hiyo bado haina mtetemo, kisha ikalainika ikawa th, na G ikabaki.

Kengele ililia na watu hawakutoka. Siku kama hizo hazitokei sana, jamani.

Saa tano

Ofisi ya wahadhiri wa mkataba ina meza mbili na sisi ni wengi. Nimesahihisha insha nikiwa nimesimama kwenye korido. Malipo ya muhula uliopita bado "yanashughulikiwa". Tusonge mbele.

Saa saba

Chapati maharagwe, kisha matatu ya Wangige, kwa shosho (bibi mzee) ninayerekodi matamshi yake. Nina kinasa sauti, maikrofoni ya kubana kwenye leso, betri za akiba, fomu ya ridhaa na sukari kilo mbili. Sukari si hongo. Huingii kwa shosho mikono mitupu.

Saa nane na nusu

Shosho amenikaribisha jikoni. Nimemwomba tuhamie chumba chenye makochi, kwa sababu vitambaa na mapazia hunywa mwangwi. Jogoo tumemfungia nyuma ya nyumba, ila hajui maana ya utafiti.

Leo natafuta h. Kwa asili h haina mtetemo, kwa hiyo ungetarajia iigeuze K kama t inavyofanya. Haifanyi hivyo. Kuna Kahuhia kule Murang'a, kuna akina Kihara na Kahiga, na "kuweza" ni kũhota. H hiyo nayo ilikuwa p: Mswahili hupanda, Mgĩkũyũ kũhanda. Na p ya zamani ilikuwa kipasuo kisicho ghuna kama t. Kwa nini ile ch ya zamani iliacha alama na p haikuacha? Mimi naelekea kuamini kwamba p ililegea mapema, kabla kanuni haijaingia, ila wapo wanaolieleza kwa njia nyingine kabisa.

Utaratibu ni wa kuchosha. Kila neno linakaa ndani ya sentensi ileile, ili mkazo na kasi visibadilike, na kila sentensi inarudiwa. Shosho akavumilia, kisha akaweka mikono kiunoni.

"Wewe mtoto, husikii? Nimeshakuambia kũhota."

"Nimesikia shosho. Nataka mashine nayo isikie."

"Basi inunulie masikio."

Nimeiacha kwenye rekodi. Kusema kweli, zile "kũhota" alizozitoa kwa hasira ndizo safi kuliko zote, kwa sababu hakuwa anajichunga. Mtu akijua anapimwa, hutamka kama anasoma kanisani.

Mjukuu wake, wa darasa la sita, alikuwa mlangoni. Nikawaomba wote wawili wavipe udogo vitu vya kisasa: tiketi, televisheni, kompyuta. Shosho akaweka ga- bila kusita. Mjukuu akaweka ka-. Shosho akamtazama kama aliyevaa viatu kinyume. Sikumsahihisha yeyote, na hapo ndipo wengi huniona mwanalugha wa ajabu. Kazi yangu ni kuandika nani kasema nini, ana umri gani, amekulia wapi. Ikiwa watoto wengi wa Wangige wanasema ka-tiketi, basi kanuni inaanza kuachia maneno ya kukopa. Hata hivyo gĩkombe na gĩtambaya nayo yalikopwa, kutoka "kikombe" na "kitambaa", na yameshameza kanuni zamani. Kwa mtoto mmoja siwezi kusema lolote. Nitarudi shuleni kwao na barua ya mkuu wa shule.

Saa mbili usiku

Nyumbani, Praat iko wazi. Ni programu ya bure ambayo wanafonetiki karibu wote wanaitumia. Inachora sauti ili uione kwa macho. Kwenye k ya "kũhota" kuna kimya cheupe, kisha mlipuko mwembamba. Kwenye g ya "gũtema" hakuna kimya wala mlipuko. Kuna ukungu wa kijivu na mstari mweusi chini, yaani mtetemo, kwa sababu g hiyo haifungi kabisa. Inakwaruza kama gh ya "ghali". Naweka mpaka wa sauti, napima milisekunde, naandika, nahamia neno linalofuata. Jogoo yumo kwenye faili kadhaa. Hayo naweka kando.

Saa nne

Ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa Kithinji: "Mwalimu, nimefikiria sana. Ulisema Kimeru hakigeuzi K mbele ya th. Na Githongo je? Ni soko la kwetu, Imenti."

Nimefungua ramani. Ipo, Githongo, G wazi kabisa. Nimemjibu aanze na babu yake: jina lilitolewa na nani, na wazee wasiosoma ramani hulitamkaje. Alhamisi aje na rekodi, si karatasi.