Mtoto akijibwaga chini, jibu la nyumba nzima liwe moja

Mwanangu alianza hasira za kujibwaga alipokaribia miaka miwili. Akinyimwa simu hujitupa sakafuni, akakaza mwili, akalia mpaka sauti inamkauka. Ndio umri wenyewe: mtoto anajua anachokitaka, maneno ya kukisema bado hana, na ubongo wake haujakomaa kiasi cha kujituliza. Kwa hiyo sikumhesabu mkorofi, na waliosema dawa yake kofi sikuwasikiliza.

Kazi kubwa ilikuwa kwetu watu wazima. Tunakaa Michenzani, mjini Unguja, ghorofani, mimi, mume wangu, mama mkwe na mawifi. Nikisema simu hapana, bibi yake husema, "Mpe masikini, asije akapasuka koo." Mtoto akashajua njia. Ananipita mimi, anakwenda kulilia mlangoni kwa bibi, tena kwa nguvu zaidi, maana kilio kinamlipa.

Usiku mmoja baada ya Isha nikamfuata mama mkwe mkekani. "Mama, kumdekeza mdekeze, mjukuu wako. Naomba tu akililia kitu, sote tumjibu mamoja."

"Na akizidi?"

"Akizidi mpakate, mbembeleze, ila kitu chenyewe usimpe."

Hapo akaridhika. Alichokuwa hawezi ni kumtazama mtoto analia akakaa kimya.

Siku za mwanzo kilio kilizidi, na wifi yangu mmoja alikuwa keshanyoosha mkono na simu. Tukavumilia. Mimi huondoa chupa ya chai na vikombe asije akajiumiza, nikakaa chini karibu yake. Nasema mara moja: "Najua umekasirika. Simu hapana." Basi. Mtoto aliyepandwa na hasira hasikii mawaidha. Mwili ukilegea huja mwenyewe mapajani, nikampa maji, tukatafuta mchezo mwengine.

Nikaangalia na saa za hasira zake. Nyingi zilikuja alasiri, siku ambazo hakulala mchana au kachelewa kula. Sasa chakula chake hutangulia cha wakubwa, na sokoni Darajani naenda naye asubuhi akiwa ameshiba.

Hasira bado anazo, ila hupita upesi. Juzi alianza kulia mbele ya mgeni, mgeni akatoa simu yake ampe. Mama mkwe akamzuia mkono: "Iweke, mwanangu. Huyu atanyamaza mwenyewe."