Magharibi ya saa nne usiku

Nimekata simu ya video sasa hivi na usingizi umeruka.

Tulikuwa tunapanga na dada yangu lini nimpeleke mama Paris kumtembelea.

Hapa Dar saa nne na nusu usiku, giza totoro. Dada akageuza simu dirishani: kwake saa tatu na nusu, na jua la Juni bado limelala juu ya mapaa, rangi ya embe bivu.

Mama akaivuta simu hadi ikamgusa pua. "Sasa mwanangu, Magharibi mnaswali saa ngapi?"

"Karibu saa nne, mama."

Akanyamaza. Akaomba aonyeshwe tena.

Agosti tumeifuta, maduka mengi ya mtaani hufungwa wenyewe wakienda likizo. Tumeshika Septemba, joto limepungua na mama anatembea taratibu.

Louvre, lile jumba la makumbusho, hatuendi Jumanne, huwa imefungwa. Ila Notre-Dame, lile kanisa kuu, lazima: tuliiona ikiungua kwenye televisheni Aprili 2019, mama akalia. Ilifunguliwa tena Desemba 2024.

Mliowahi kwenda Septemba, sweta linamtosha mama au nitafute koti zito?