Siku moja na wenye shingo upande

Saa 12:20 asubuhi
Upepo wa Dodoma mwezi wa saba hauna adabu. Natoka Nkuhungu nimejitanda mtandio hadi puani, napanda daladala, na kabla hatujafika mjini jirani wa siti ameshaanza kunieleza habari za kiuno chake. Mtaani wakishajua unafanya kazi fiziotherapia, kila mtu ana kiungo cha kukuonyesha. Sikatai. Mgonjwa wangu yeyote nakaa naye nusu saa, zilizobaki za wiki nzima anazimaliza nyumbani kwake.

Saa 1:30
Chumba chetu ni vitanda viwili, godoro jekundu la sakafuni, mipira, kioo kirefu na feni inayolalamika. Siku nyingi tunajaa wagonjwa wa kiharusi na vijana wa bodaboda waliovunjika miguu. Leo nina zamu ya watoto pia, na nikiona faili limeandikwa "shingo" naliweka juu ya mengine.

Saa 2:10
Mtoto wa kwanza ana wiki saba. Ni mzaliwa wa kwanza, alitanguliza matako. Wametoka Chamwino alfajiri: mama, mtoto na bibi mzaa baba. Namwamkia bibi shikamoo, anaitikia marahaba, naongeza "mbukwenyi" ya Kigogo na uso unafunguka kidogo. Huyu bibi ndiye ninayemtaka. Mama atanisikiliza hapa, lakini kule nyumbani mwenye neno la mwisho ni bibi.

"Tulidhani anapenda tu kulalia huko," mama ananiambia. Aliyeona ni nesi wa kliniki, siku ya chanjo ya wiki ya sita. Kichwa kimeinamia bega la kulia, kidevu kinatazama kushoto, kisogo upande wa kushoto kimeshaanza kuwa bapa kwa kulaliwa.

Kabla sijagusa shingo naulizia mengine yote. Ana homa? Ananyonya vizuri? Aliwahi kuanguka? Anacheua sana? Napitisha njuga mbele yake nione kama macho yanaifuata, kwa kuwa wapo watoto wanaopindisha kichwa kwa sababu ya jicho, na ukiwaziba jicho moja shingo inanyooka yenyewe. Hao ni wa kliniki ya macho, si wangu. Nakunja mapaja na kuyafungua taratibu kuangalia nyonga, maana shingo ya namna hii na nyonga isiyokaa sawa wakati mwingine huja pamoja. Nikikuta msuli ni laini na shingo bado imepinda, namwandikia daktari aangalie mifupa. Simvuti.

Msuli wa huyu si laini. Ni ule mrefu unaoanzia nyuma ya sikio na kushuka mpaka kwenye mtulinga na kidari. Naupapasa kwa kidole kimoja, na katikati yake nakutana na kivimbe kigumu cha ukubwa wa punje ya zabibu. Namshika mama kidole, naye akiguse. Anashtuka. Namwambia si saratani, na kwa kawaida chenyewe huyeyuka ndani ya miezi michache. Kilichobaki ni kuuzuia msuli usibaki mfupi.

"Wakunga walimvuta," bibi anasema.

Namweleza kwamba hali hii huonekana hata kwa watoto waliotolewa kwa upasuaji. Mara nyingi inahusiana na jinsi mtoto alivyobanwa tumboni. Mzaliwa wa kwanza hukaa penye nafasi finyu, na aliyekaa matako chini naye hivyo hivyo. Bibi ananyamaza, ila sina hakika kama nimemshinda.

Kisha mikono. Mtoto kalala chali, bega la kulia nimelituliza kwa kiganja kimoja, cha pili kiko chini ya kichwa. Nakiinamisha kichwa polepole, sikio la kushoto lifuate bega la kushoto. Nashikilia nikihesabu mpaka kumi na tano, naachia. Halafu nageuza kidevu kitazame kulia, upande uleule wenye msuli mfupi, nashikilia tena. Akinuna sawa. Akilia kwa uchungu, akibadilika rangi au pumzi ikienda ovyo, unaachia hapo hapo. Mama anarudia mbele yangu, mkono ukitetemeka. Anarudia tena mpaka mtetemeko unaisha. Halafu namgeukia bibi: "Na wewe, mama."

Vidole vya bibi vinajua watoto kuliko vyangu. Ila anataka kumaliza kazi leo: anabana, anaongeza nguvu. Kwao, anasema, mtoto wa hivi hukandwa kwa maji ya moto na kunyooshwa kweli kweli. Mafuta kidogo na kupapasa kwa upole sina ugomvi nayo. Kuvuta kwa nguvu, kunyanyua mtoto kwa kichwa, kumning'iniza miguu juu, hapo hapana, na huwa sizungushi maneno. Uzi mweusi uliofungwa shingoni nao naomba uhamie kiunoni, usije ukamkaba usingizini. Bibi anakubali, shingo upande.

Mazoezi haya hayahitaji saa maalumu. Kila anapobadilishwa nepi, yanafanyika. Yaliyobaki ni ujanja wa nyumba. Kitanda kigeuzwe, mlango na sauti ya mama vitokee kulia kwake. Akibebwa mgongoni kwa kitenge, alaze shavu la kushoto kwenye mgongo ili atazame kulia. Akibebwa mkononi alazwe ubavu, upande wa kulia chini, mkono wa mbebaji upite kati ya sikio na bega la mtoto. Akiwa macho na kuna mtu anamwangalia, alazwe kifudifudi kwenye mkeka, ainue kichwa mwenyewe. Usiku alale chali.

"Akifanyiwa hivi kila siku anapona?" mama anauliza. Wengi sana hupona bila kisu, hasa walioanza kabla ya miezi mitatu. Tatizo langu ni wanaoletwa wakiwa wameanza kutembea, kwa kuwa mtu fulani aliwaambia mtoto atanyooka akikua.

Saa 4:05
Chai na chapati, nimesimama.

Saa 4:30
Mtumishi wa wizara moja kule Mtumba. Alisinzia kwenye treni kutoka Dar, kichwa kimeegemea dirisha, asubuhi akaamka hawezi kutazama kulia. Ameingia akigeuka mwili mzima. Anaogopa kiharusi, na bosi wake amemwambia ni homa ya uti wa mgongo. Hana homa, kichwa hakimuumi, mikono haina ganzi, nguvu zipo, hakugongwa wala hakuanguka. Shingo iliyolaliwa vibaya huuma vibaya sana na huisha yenyewe, kwa kawaida ndani ya siku chache hadi wiki moja au mbili. Kitambaa cha moto, dawa ya maumivu kama panadol, na kuigeuza shingo kidogo kidogo mpaka pale maumivu yanapoanza tu. Alikuja na kola aliyonunua duka la dawa. Nimemwambia aiweke kabatini, shingo isiyotembezwa huzidi kukaza.

Akaniuliza kama apite kinyozini "akaivunje". Hapa sina utani. Ile krak ya kinyozi wengi wanaifurahia, lakini ndani ya shingo inapita mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo, na mshipa ukichanika kiharusi alichokuwa anakiogopa ndicho anachokwenda kukinunua kwa bei ya kunyolewa. Mtu akikunyoa, mlipe, ondoka.

Saa 5:50
Binti wa chuo analetwa amebebwa na wenzake. Shingo imevutwa nyuma na pembeni, macho yanapanda juu, taya limekaza, lakini anasikia kila kitu na analia. Wenzake wameshaanza kukemea mapepo korido nzima. Nauliza jambo moja: amemeza nini? Jana alitapika, akapewa Plasil.

Simlazi kitandani kwangu, tunakimbia naye mapokezi ya dharura. Dawa hiyo, kama ilivyo haloperidoli wanayopewa baadhi ya wagonjwa wa akili, inaweza kuifanya misuli ya shingo na uso ijikaze yenyewe, zaidi kwa vijana, na mara nyingi ndani ya siku chache za mwanzo. Daktari akachoma sindano ya kuituliza, na kabla sijamaliza kuandika maelezo yangu shingo ilikuwa imelegea. Ameandikiwa kwenye cheti dawa asiyotakiwa kupewa tena. Wanaotumia dawa za akili wakipatwa na hili wasizitupe dawa kimya kimya, warudi kwa daktari, kuna namna ya kurekebisha.

Saa 7:40
Ugali na mlenda. Nimekula nusu.

Saa 8:15
Mama wa miaka hamsini na kitu, anauza nafaka soko la Majengo. Kichwa chake hugeuka chenyewe kushoto, polepole, kisha kinarukaruka. Ameshazunguka kwa waganga kwa miaka. Nilichokitazama zaidi ni kidole chake: kila anapotaka kunitazama usoni anagusa kidevu kwa ncha ya kidole, kama anayefikiri, na kichwa kinatulia. Akiondoa kidole, kinaondoka tena. Hakufundishwa na mtu. Wenye ugonjwa huu wengi hugundua mguso wao wenyewe, na ukiuona unajua kinachoamrisha misuli vibaya ni ubongo. Kunyoosha peke yake hakutoshi. Kuna sindano ya botulini inayochomwa kwenye misuli yenyewe, inasaidia kwa takribani miezi mitatu kisha hurudiwa, na bei yake si ya muuza nafaka. Kuna vidonge pia, vinasaidia baadhi. Nimemwandikia barua kwa daktari wa mishipa ya fahamu, na mimi nimebaki na kazi ya mabega na mgongo vinavyouma kwa kupambana na kichwa siku nzima.

Alicheka nilipomwambia si uchawi. "Basi pesa zangu nani atanirudishia?"

Saa 9:20
Mtoto wa miaka minne, shingo imepinda tangu jana. Mzazi anataka mazoezi. Mtoto ana homa, udenda unamtoka, hataki kumeza hata maji. Sikumgusa shingo. Usaha nyuma ya koo unaweza kuanza hivi, na unaweza kuziba njia ya hewa. Nimempeleka mwenyewe kwa daktari, faili mkononi, nikaruka foleni na kutukanwa. Ingekuwa shingo imepinda pamoja na kutapika asubuhi na kuyumba akitembea, ningefanya vilevile, kwa hofu ya tatizo ndani ya kichwa badala ya koo.

Saa 11:30 jioni
Nyumbani. Simu ina ujumbe wa sauti wa baba mmoja wa Kondoa. Mwanawe ana mwaka na miezi miwili, mazoezi yamefanyika kwa miezi na shingo bado inainama, daktari ametaja upasuaji. "Sasa yale mazoezi yote yalikuwa ya bure?"

Hayakuwa ya bure. Mtoto anageuza kichwa pande zote mbili, mwanzoni alikuwa hawezi. Lakini akivuka mwaka na msuli ukabaki mfupi, ni busara kumsikiliza daktari wa upasuaji, kwa kuwa uso wenyewe huanza kukua upande. Msuli hukatwa kidogo urefuke, na baada ya hapo mazoezi yanarudi, tena kwa bidii, kovu lisije likauvuta msuli ule ule. Nimemwambia wakija waje na kadi ya kliniki na picha zote za mtoto zilizoko kwenye simu, tangu za wodini. Picha za sherehe ya arobaini zinamwonyesha daktari kichwa kilikuwa kinainama kiasi gani kabla mtu yeyote hajakipima.